Zimwi la Hadithi na Mchawi wa Jirani

Mtu apitaye katika miji ya Kenya hawezi kukosa kuona vibao vidogo vilivyopigiliwa misumari juu ya nguzo za stima na vigogo vya miti ya kando ya barabara. Maandishi yake ni machache: "Mganga kutoka Kitui", kisha nambari ya simu. Chini yake, kama nafasi ipo, zimo ahadi: kurudisha mpenzi aliyetoroka, kufufua biashara iliyokufa, kushinda kesi, kunasa mwizi, kupata kazi. Yamkini baadhi ya wenye vibao hivyo hawajapata kulala hata usiku mmoja katika Kitui, lakini wajua kwamba jina hilo lina bei sokoni. Kericho husifiwa kwa chai na Mwea kwa mpunga. Sisi wa Kitui, pamoja na ndugu zetu wa Makueni, tumesifiwa kwa kamuti. Na wako miongoni mwetu wanaoicheka sifa hiyo kwa fahari, kana kwamba kuogopwa ni sawa na kuheshimiwa.

Wiki ya mwisho ya Oktoba huleta jambo jingine. Katika maduka makubwa ya Nairobi hutundikwa mafuvu ya plastiki na buibui wa nyuzi, na katika hoteli na baadhi ya shule za wenye fedha hufanywa karamu iitwayo Halloween. Vijana huvaa vinyago, hupaka nyuso rangi ya damu, na wasichana huvaa kofia nyeusi ndefu yenye ncha, wakajiita wachawi. Usiku huo kila mtu hucheka. Kijana huyo huyo, akienda kijijini kwao kwa likizo ya mwisho wa mwaka, huambiwa na binamu zake asipite karibu na nyumba ya bibi fulani jioni, naye hapiti. Hamwulizi mtu sababu. Mchawi wa karamu amemlipia kiingilio; mchawi wa kijijini amemhukumu bila kumsikiliza.

Msomaji kijana, mimi ni mwalimu, na kwa kazi yangu napenda hadithi za kutisha. Sikuandika insha hii ili kukukataza Halloween, wala kukukataza hadithi za mazimwi zilizosimuliwa na mababu zetu. Nina ugomvi na kitu kimoja tu: desturi ya kulivua zimwi la hadithi sura yake, na kuivika sura hiyo juu ya uso wa mtu aliye hai, mwenye jina, mwenye shamba, na aghalabu mwenye mvi.

Tuianze Halloween yenyewe, maana wengi wanaoicheza hawajui ilikotoka, na wengi wanaoilaani hawajui zaidi. Jina lake lina maana ya mkesha wa Watakatifu Wote. Katika karne ya 8 na ya 9 Kanisa la Magharibi liliiweka tarehe 1 Novemba iwe sikukuu ya watakatifu hao, na baadaye tarehe 2 ikawa siku ya kuwaombea marehemu wote. Mkesha wake, basi, ni tarehe 31 Oktoba. Lakini Waselti wa Ireland na Scotland walikuwa na sikukuu yao wakati huo huo, iitwayo Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi na giza. Iliaminika kwamba usiku huo ukuta uliopo baina ya walio hai na waliokufa huwa mwembamba, na roho huzungukazunguka. Watu waliwasha mioto, wakawawekea wafu chakula, na wengine walijifunika nyuso. Huko Ireland vijana walichonga mzizi mnene wa shambani, jamii ya figili lakini mkubwa kama ngumi mbili, wakatoboa macho na mdomo, wakaweka mwanga ndani yake. Njaa kubwa ilipowakumba mwaka 1845 na miaka iliyofuata, Waireland kwa malaki walihamia Marekani, wakakuta huko boga, ambalo ni kubwa zaidi na rahisi zaidi kuchonga. Ndiyo sababu ya maboga yale yenye meno uyaonayo katika picha. Nayo mazoea ya watoto kwenda mlango hadi mlango wakiomba peremende yanafanana na desturi ya Uingereza ya kale, ambapo maskini walipita nyumba kwa nyumba wakipewa mikate midogo ili wawaombee wafu wa nyumba ile.

Je, mambo haya ni mageni kwa Mkamba? Hayana ugeni wowote. Mzee wa Kikamba, kabla ya kunywa pombe yake, alimimina kidogo chini kwa ajili ya aimu, yaani roho za jamaa waliotangulia. Kulikuwa na mathembo, vichaka vitakatifu vyenye miti mikubwa, aghalabu mikuyu, ambamo hapana mtu aliyethubutu kukata tawi. Humo wazee walitoa sadaka mvua ikikawia. Wanawake wazee walicheza kilumi kwa ngoma ndefu mpaka mmoja wao akapagawa na kusema maneno yasiyokuwa yake. Nao mwezi wa sadaka hizo hauko mbali na mwezi wa Waselti: mwisho wa Oktoba ndipo sisi wa Kitui na Makueni tunapotazama mbingu kwa hamu kuu, kwa kuwa mvua za vuli, za Oktoba hata Desemba, ndizo tunazozitegemea kuliko za masika. Mselti aliwakumbuka wafu wake mavuno yakiisha; Mkamba aliwakumbuka wake mbegu zikisubiri. Anayesema kwamba Mzungu alikuwa na sikukuu na Mwafrika alikuwa na ushenzi, na apime mambo hayo mawili katika mizani moja.

Litazame hata neno lenyewe. Katika Kikamba, aimu ni roho za wafu. Na katika hadithi zisimuliwazo usiku, iimu ni lile dubwana linalokula watu. Kiswahili kina maneno mawili yaliyo ndugu wa neno hilo, mzimu na zimwi, nayo yamegawana kazi vivyo hivyo. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hivyo tangu pwani hata bara, watu wa lugha zetu walikuwa na jina moja kwa ajili ya babu aliyekufa na kwa ajili ya kitisho cha porini, na watoto wao walijifunza kulitofautisha kwa kusikiliza sauti ya msimulizi.

Na zimwi la hadithi lilikuwa na kanuni zake. Lilikuwa na pupa, na pupa yake ililifanya jinga. Lilimeza ng'ombe, mbuzi, kijiji kizima pamoja na wazee wake. Kisha likashindwa na kijana mmoja mwenye akili, au na msichana aliyejua wimbo. Katika hadithi nyingi, likiwa linakufa, husema: nikateni kidole changu kidogo, na hapo hutoka wote waliomezwa, watu na mifugo, wakarudi nyumbani. Mtoto aliyelala baada ya hadithi kama hiyo alijua mambo mawili, kwamba kitisho kipo duniani, na kwamba kina kidole kidogo. Hapana jirani aliyeumizwa na elimu hiyo. Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango katika Kitui mwaka 1931, akawa kasisi wa Kianglikana na mwalimu wa Makerere, alizikusanya hadithi hizo na kuzitoa katika kitabu mwaka 1966. Nalitaja jambo hili kwa ajili ya wale wahubiri wetu wanaosema kwamba mtoto wa Kikristo haifai asikie habari za aimu. Kasisi yule alizisikia, akaziandika, na imani yake haikupungua.

Nchi yetu pia imejaa mahali penye visa. Mwamba wa Nzambani, karibu na mji wa Kitui, husemwa kwamba mtu akiuzunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke hugeuka mwanamume. Wageni wengi wameuzunguka, wakarudi kwao na jinsia zao zile zile na vumbi miguuni. Kyamwilu, katika Machakos, ni mahali ambapo maji yaonekana kupanda mlima. Na gari likiachwa bila breki laonekana kujiburura lenyewe kuelekea juu. Kumbe ni jicho linalodanganywa na mteremko wa vilima vilivyo kando: pale tudhaniapo ni juu, ndipo palipo chini. Katika mpaka wa kusini wa Makueni, penye vilima vya Chyulu, kuna uwanda wa mawe meusi uitwao Shetani. Volkano ililipuka huko katika karne ya 19, na watu walioona moto ukitoka ardhini walisema ni Ibilisi aliyetoka kwake. Mimi nisingewacheka. Kama ningesimama hapo usiku ule bila kitabu cha jiografia, ningesema maneno hayo hayo, tena nikikimbia.

Wanyama nao wamebebeshwa mizigo isiyo yao. Kinyonga huchukiwa kwa sababu ya kisa cha zamani: Mungu alimtuma awaambie wanadamu kwamba watakufa na kufufuka, akatembea kwa kusitasita, akaanza kugugumia ujumbe, na ndege mdogo mwepesi akamtangulia kuwaambia kwamba watakufa na kwisha. Kwa kosa hilo la hadithini, vinyonga walio hai hupigwa mawe hata leo, nao hawana sumu wala uwezo wa kumdhuru mtoto. Bundi akilia juu ya paa husemwa analeta kifo. Lakini bundi mmoja hula panya kadhaa kwa usiku mmoja, na panya ndio wanaotumalizia mahindi na pojo, au ndengu kama tuzoeavyo kusema, ghalani. Mkulima wa Wote amwuaye bundi amemfukuza askari wake mwenyewe asiyelipwa mshahara.

Hapo, katika kinyonga na bundi, ndipo hadithi inapoanza kuoza. Mpaka wa mwamba na mlima, hofu ilikuwa mchezo wa akili. Ikishuka juu ya kiumbe mwenye damu, jiwe huokotwa. Na haikomi kwa mnyama.

Mwaka 1932, Mahakama Kuu ya Kenya mjini Nairobi ilisikiliza kesi ya Wakamba 70. Mashtaka yalikuwa kumwua mwanamke mmoja jina lake Mwaiki, jirani yao, ambaye walimwamini kuwa amemroga mke wa mmoja wao. Waliompiga walikuwa wengi kwa makusudi, kwa mujibu wa desturi ya king'ole, ambayo kwayo mtu aliyedhaniwa hatari kwa wote aliuawa kwa mikono ya wote, ili damu yake isimwangukie mtu mmoja. Wanaume 60 walihukumiwa kifo. Hukumu hiyo ilisomwa na kujadiliwa hata Uingereza. Baadaye hawakunyongwa, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo. Wanazuoni wameiandika sana kesi hii, na wameuliza mengi juu ya sheria ya Mwingereza na sheria ya Mkamba, nani aliyekuwa na haki ya kumhukumu nani. Maswali hayo ni mazuri. Lakini mimi, kila niisomapo habari hiyo, naona kwamba kuna mtu mmoja ambaye hapana mahakama iliyopata kusikia maneno yake, si ile ya Nairobi wala ile ya chini ya mti, naye ni Mwaiki.

Usidhani kwamba hilo ni doa la Wakamba peke yao, au la watu weusi. Kofia ile nyeusi yenye ncha, ivaliwayo katika karamu ya Halloween, ina historia nyuma yake. Katika Ulaya, tangu karne ya 15 hata ya 18, watu wapatao 40,000 hata 60,000 waliuawa kwa shutuma za uchawi, na wengi wao walikuwa wanawake. Katika Salem, nchini Marekani, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa na mzee mmoja aligandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Leo mji ule ule hupata fedha nyingi kila Oktoba kwa watalii waendao kujivika uchawi katika mitaa yake. Mtu wa mwisho miongoni mwa waliohukumiwa huko alisafishwa jina lake na serikali ya jimbo mwaka 2022, miaka 329 baada ya kesi yake. Wenzetu wa ng'ambo waliweza kumfanya mchawi kuwa kichekesho baada tu ya kuacha kuwaua wanawake kwa jina hilo. Sisi tumekinunua kichekesho, na kuua hatujaacha.

Maana hatujaacha. Mwezi Mei 2008, katika Kisii, watu 11, wengi wao vikongwe wa kike, walichomwa moto na kundi la vijana kwa shutuma za uchawi. Tarehe 17 Oktoba 2021, katika Marani, huko huko Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa shutuma kama hizo. Ilikuwa wiki mbili kabla ya maboga kuwashwa Nairobi. Katika Kilifi, wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa miaka kwa miaka, na wengine wamepata hifadhi katika Kaya Godoma, huko Ganze, kwa kuwaogopa watoto wao wa kuwazaa. Watu wa huko hawafichi kwamba mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" limesimama neno "shamba". Baba hajafa; urithi unachelewa; mvi zake zinakuwa ushahidi.

Sasa nawasikia watu wawili wakininong'oneza. Wa kwanza asema: Mwalimu, hayo ni ya Kisii na ya Kilifi; kwetu mambo ni shwari. Nitamjibu kwa habari ya mwanafunzi mmoja. Miaka si mingi iliyopita, katika shule moja niliyofundisha, msichana mwenye bidii aliacha kuja darasani katikati ya muhula. Nilipouliza, wenzake walitazama chini. Nyanya yake, aliyemlea, alikuwa ameshutumiwa: ndama wawili wa jirani walikufa, kisha mtoto wa jirani huyo akaanza kuanguka na kutoa povu. Ikasemwa kwamba bibi alionekana akipita uani jioni. Mahali pa kupita alipokuwa akipita kwa miaka 40, siku hiyo pakawa ushahidi. Wakataka ale kiapo cha kithitu. Wengine wakataja kiberiti. Bibi alifunga nguo zake katika leso, akaondoka usiku, na mjukuu akamfuata. Baadaye mtoto aliyekuwa akianguka alipelekwa hospitali, ikaonekana ana kifafa, akapewa vidonge, akapata nafuu. Wazazi walishukuru. Lakini hapana hata mtu mmoja aliyekwenda kumwita bibi arudi. Nyumba yake imeanguka, na shamba lake lalimwa na mtu mwingine.

Nimepata pia kuwauliza wanafunzi wangu, darasa baada ya darasa: nani kati yenu amjua mchawi? Mikono mingi huinuka. Nani amemwona akiroga? Mikono hushuka yote. Mmoja husema aliambiwa na shangazi. Shangazi aliambiwa sokoni. Na sokoni palikuwa na mtu aliyesikia. Mwanafunzi wa sekondari hawezi kukubali jibu la hesabu kwa njia hiyo, lakini hukubali kwa njia hiyo kwamba mtu fulani ni muuaji.

Mnong'onezi wa pili ni mgumu zaidi, naye mara nyingi ni mtu mzima aliyesoma. Asema: Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walitofautisha mundu mue, mganga anayeponya, na mundu muoi, mchawi anayedhuru. Wajuaje wewe kwamba uoi haupo? Nakubali kwamba wazee hawakuwa wajinga. Aliyelinda mathembo alilinda miti na chemchemi ambazo wajukuu wasomi wamezikata. Wala sitashindana naye juu ya yaliyopo na yasiyopo gizani, kwa kuwa mabishano hayo hayana mwisho. Nitamwuliza swali dogo tu: Msiba ulipotokea, ni nini kilichotafutwa kwanza, sababu au mtu?

Mwaka 2004, katika Makueni na Kitui na wilaya jirani, watu walianza kufa kwa namna ya kutisha. Macho yaligeuka manjano, tumbo likavimba, na mtu akafa katika siku chache. Nyumba moja ilizika watu wawili au watatu, na nyumba iliyo mkabala nayo haikuguswa. Waliougua na kutambuliwa walikuwa 317, na waliokufa 125. Kama umewahi kusikia kisa cha laana ya ukoo, hiki kilikuwa na alama zake zote: kuchagua nyumba, kuwaangusha ndugu pamoja, kuja baada ya njaa. Wataalamu walipopima mahindi ya nyumba hizo, walikuta sumukuvu nyingi. Mahindi yalivunwa au kununuliwa yakiwa na unyevu, yakawekwa ndani yakiwa hayajakauka, kuvu likaota, na likaacha sumu iharibuyo ini. Ndugu walikufa pamoja kwa kuwa walikula chungu kimoja. Nyumba ya mkabala ilikuwa imekula mahindi mengine. Tangu hapo twajua la kufanya: kuanika mahindi juu ya turubai na si juu ya udongo, kuyakausha barabara kabla ya kuyatia magunia, kuyainua magunia juu ya mbao, kutupa yaliyobadilika rangi. Wanakijiji wangaliweza kuwatafuta wachawi 125 kwa ajili ya wafu 125, na wangaliwapata, maana mchawi hakosekani atafutwapo. Na mahindi yale yangaliendelea kupikwa.

Hilo ndilo kosa ninalolishtaki. Shutuma huua mara mbili: humwua bibi, na humwua mgonjwa afuataye, kwa kuwa sababu ya kweli imeachwa ndani ya gunia.

Sheria ya Kenya, nayo, haiko upande wa mshutumu. Tangu mwaka 1925 iko sheria ya uchawi ambayo, pamoja na kumwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za kuroga, humhesabu kuwa mkosaji mtu anayemshutumu mwenzake kwamba ni mchawi, isipokuwa amepeleka habari kwa mtu wa serikali kama chifu au polisi. Sheria hiyo ilitungwa na wakoloni, ina kasoro zake, na wengi wameilaumu. Hata hivyo kifungu hicho kingejulikana vijijini kama kinavyojulikana kibao cha mganga, baadhi ya wazee wangekuwa hai. Ajabu ni kwamba vibao vya mganga vimejaa barabarani mchana kweupe, na kifungu kimelala kitabuni.

Nina neno pia kwa wahubiri wale niliowataja. Baadhi yao hupiga kelele kila Oktoba kwamba boga lenye meno ni ibada ya Shetani. Haya. Lakini Jumapili ifuatayo, mimbarani, mhubiri yule yule humwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake umetumwa na "mtu wa karibu, mwanamke, mweusi, anayekuchekea". Katika kijiji cha nyumba 20, maneno hayo ni anwani kamili. Boga halijapata kumfukuza mtu nyumbani kwake. Kama yuko Shetani wa kutafutwa, na atafutwe katika unabii wa namna hiyo, wala asitafutwe katika hadithi ya zimwi iliyosimuliwa jikoni.

Wewe msomaji, umo katika umri ambao kundi likiondoka jioni na fimbo, wewe ndiwe utakayeitwa. Wazee hushutumu, lakini ni vijana wanaowasha kiberiti. Ndivyo ilivyokuwa Kisii. Utaambiwa kwamba kila mtu anakwenda, kama walivyoambiana wale 70. Usiende, na kama una simu, mpigie chifu kabla hawajafika. Baadhi ya wenzako watakuita mwoga, na pengine watasema umerogwa.

Na kabla ya siku hiyo, liko jambo jepesi zaidi la kufanya. Likizo ya mwisho wa mwaka ikifika, mvua ikianza kunyesha na usiku ukiwa mrefu, nenda kwa bibi yule ambaye watoto huambiwa wasipite kwake. Nenda na mwenzako, mchukue sukari kidogo na majani ya chai. Mwombe akusimulie habari za iimu kama alivyosimuliwa yeye. Andika maneno yake kwa Kikamba kama ayatamkavyo, pamoja na nyimbo, usisahihishe kitu. Juu ya ukurasa andika jina lake kamili, jina la baba yake, kijiji alichozaliwa, na tarehe. Jirani akikuuliza ulikuwa ukifanya nini nyumba ile usiku, mwonyeshe daftari.